Saa Nne na Dakika Kumi

Kanuni ya kwanza ya kupiga picha saa ya mkono ni kwamba mishale ikae saa nne na dakika kumi. Fungua tangazo lolote, la saa yenye bei ya gari au la ile ya shilingi mia tano pale Gikomba, utakuta mshale mfupi uko kwenye kumi na mrefu kwenye mbili. Jina la mtengenezaji huandikwa chini ya kumi na mbili, kidirisha cha tarehe hukaa kwenye tatu, na mishale ikikaa hivyo haifuniki kitu. Wengine husema saa huonekana kama inatabasamu. Mimi huona mtu aliyeinua mikono mbele ya polisi.

Nimepiga picha saa sitini na kitu kufikia sasa, zote kuukuu, na hakuna hata moja iliyo yangu. Saa yangu ni simu, kama wewe tu.

Niliingia mambo haya kwa mlango wa njaa. Kazi yangu ni kupigia picha watu wanaouza bidhaa mtandaoni: viatu, mafuta ya nywele, mitungi ya asali. Machi 2020 korona ikaingia, kafyu ikafuata, wateja wakazima simu mmoja mmoja. Aliyebaki ni jamaa aliyekuwa ananunua saa za mitumba na kuziuza Instagram. Siku moja akanitumia moja kwa mtu wa boda, na ujumbe: "Manze, hii ni orijino? Nisiuzie watu hewa." Mimi nitajua wapi? Nikakesha nikitafuta, na saa nane za usiku nikaangukia hifadhi moja ya picha za saa za zamani, inayojengwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia. Kila aina ya saa ina ukurasa wake: uso, ubavu, kifuniko cha nyuma, ndani ya kifuniko, mashine, mkanda. Picha ziko huru, mtu yeyote azitumie mradi ataje aliyezipiga. Mtu wa Kisumu aliye karibu kutuma pesa ya saa asiyoijua anaweza kuilinganisha na nyingine za aina ile ile, akaona kama anaibiwa.

Maana wizi upo mwingi. Wa kawaida zaidi ni uso uliopakwa rangi upya. Saa imezeeka, uso umeingia madoa, mtu anaukwangua, anaupaka rangi ya samawati inayomeremeta na kuandika jina upya. Kwenye picha ndogo ya simu huoni kitu. Ikuze uone: herufi zinayumba kama zilizoandikwa kwenye matatu, vistari vya dakika havikutani na alama za saa, na yale maandishi madogo ya chini kabisa, karibu na sita, yamekatika au hayapo. Ile ya jamaa yangu ilikuwa hivyo. Alikasirika siku mbili, kisha akaiuza kwa bei ya saa iliyopakwa rangi, na akasema hivyo kwenye tangazo. Nilimheshimu.

Kabla sijafunga ile hifadhi niliandika "Kenya" kwenye kisanduku cha kutafutia. Picha zilizotokea hazikujaza hata skrini ya simu. Nilishangaa, kwa sababu sisi tumevaa hizi saa. Hakuna nyumba niliyowahi kuingia isiyo na Seiko au Citizen iliyokufa ndani ya droo, kando ya betri za redio na funguo za kufuli zisizojulikana. Basi nikaanza.

Saa ni ngumu kupiga picha kuliko mtu, kwa sababu karibu kila sehemu yake ni kioo. Unaiinamia na kamera, nayo inakupiga picha wewe: lenzi yako, vidole vyako, dirisha la jirani na nguo alizoanika. Nilipoteza wiki mbili hivyo. Hatimaye nikachukua katoni ya biskuti kutoka dukani, nikakata madirisha ubavuni, nikayaziba kwa ile karatasi laini wanayochorea ramani za nyumba, na nje nikaweka taa mbili za mezani. Mwanga ukipita pale unaingia ukiwa mpole, hauchomi chuma. Juu nikalaza karatasi nyeusi nzito yenye tundu la kupitisha lenzi. Kioo cha saa lazima kiakisi kitu; sasa kikitazama juu kinakuta weusi mtupu, na uso wote unaonekana hadi nyufa za rangi. Karatasi hiyo ya shilingi ishirini ndiyo siri yote ya kazi yangu. Taa nyingi hazisaidii bila hiyo.

Kisha kuna ukali wa picha. Ukikaribia kitu kiasi hicho, kinachoonekana vizuri ni unene wa unywele tu. Mshale ukiwa mkali, nambari zilizo chini yake zina ukungu. Kwa hiyo unapiga picha kumi na tano, kila moja umesogeza kidogo mahali pa ukali, halafu programu inaziunganisha kuwa moja. Ndani ya hizo kumi na tano hakuna kitu kinachotakiwa kutikisika. Mimi nakaa ghorofa ya nne kando ya barabara ya malori. Ndiyo maana kazi hii naifanya usiku wa manane, na ndiyo maana stima ikipotea kwenye picha ya kumi na tatu nasema maneno ambayo mama yangu hajui nayajua.

Saa zenyewe nilizipata kwa fundi mmoja wa River Road. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo, upana wa mlango, na yeye mwenyewe amekaa humo miaka mingi hadi amechukua umbo lake. Nilipomweleza ninachotaka, alinitazama kwa lile jicho lenye lenzi.

"Unapiga picha saa mbovu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwani amekufa nani?"

Lakini aliniachia. Kila Ijumaa nilibeba saa tano kwenye kasha la miwani, Jumatatu narudisha. Alinifunza kufungua vifuniko bila kuvichubua. Mara moja tu alininyima: saa ya miaka ya hamsini ambayo nambari zake zimepakwa radiamu ili zing'ae gizani. Rangi ile imechoka kung'aa, alisema, lakini sumu yake haijachoka. Baadaye nikasoma kwamba radiamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu. Saa hiyo niliipiga picha ikiwa imefungwa, na mikono nikanawa mara mbili.

Tulibishana pia. Nilimwonyesha alama za uso uliopakwa upya, nikiwa na kiburi cha mtu aliyejifunza jambo juzi. Akasema mwenyewe amepaka nyingi tu. "Mteja alikuwa anaoa Jumamosi. Saa ya babake ina kutu. Ungemwambia nini, aoe na kutu?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kwa hifadhi, saa ile imeharibiwa. Kwa aliyeoa nayo, ilitengenezwa.

Kubwa aliyonionyesha ni upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma. Mwenye saa haoni pale maisha yake yote. Aliinamisha kifuniko kwenye mwanga nikaona mikwaruzo myembamba, kama nyayo za mdudu: nambari, herufi, alama. Fundi akishaosha saa na kuitia mafuta huandika hapo kwa ncha ya sindano tarehe na alama yake, ili saa ikirudi ajue nani aliigusa na lini. "Hapa ndipo sisi tunasalimiana," alisema. Alimjua fundi mwingine kwa mwandiko, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Tangu siku hiyo sikupeleka picha za saa bila picha ya ndani ya kifuniko, mwanga ukiingia kwa ubavu ili mikwaruzo isimame.

Disemba iliyofuata nikapanda treni kwenda nyumbani Mombasa na katoni yangu imekunjwa ndani ya begi. Nilikuwa na saa moja akilini, ya Baba.

Nilipokuwa mdogo nilidhani saa ya Baba ni mbovu. Shuleni nilikuwa nimefunzwa kwamba asubuhi tukiingia darasani mshale mfupi uko kwenye nane, na mdomo unasema saa mbili. Hilo tunalifanya Kenya nzima bila kufikiri: jicho linaona nane, mdomo unasema mbili. Lakini kwenye saa ya Baba mshale ulikuwa kwenye mbili hasa. Nikamwambia, "Baba, saa yako imekosea masaa sita." Akanijibu, "Hii yaenda sawa. Ni nyinyi msomao nane mkasema mbili."

Desturi hiyo ilianza kwa Babu. Babu alikuwa karani bandarini Kilindini, wa kuhesabu mizigo, na kazini siku nzima aliishi kwa saa za Kizungu. Mkononi alikataa. Saa yake aliiweka kwa saa zetu, jua likichomoza mshale uko karibu na kumi na mbili, na mwenzake akimuuliza wakati anamnyooshea mkono asome mwenyewe, akijua atachanganyikiwa. Baba alipoirithi, Babu alipofariki 1981, aliiacha vile vile. Kuna jambo moja zaidi ambalo Baba alipenda kulieleza, na alilieleza vizuri. Saa yenye tarehe hubadilisha siku mshale ukipita kumi na mbili. Kwenye saa yako hiyo ni usiku wa manane. Kwenye saa iliyowekwa kwa Kiswahili, ukiipanga vizuri, kumi na mbili hiyo ni magharibi. Jua likitua Alhamisi, kidirisha kinaanza kusogea taratibu, na ukirudi kutoka Isha kimeandika Ijumaa. Usiku wa Ijumaa umeshaingia, kama wahenga walivyohesabu. "Babu yako alikuwa akiitazama ikigeuka," Baba alikuwa akisema. "Kila magharibi."

Ni Seiko 5, ya kujizungusha yenyewe. Siku kwenye kidirisha zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, kama zile zilizouzwa Ghuba. Nilijua ni lulu kwa hifadhi yetu. Niliandaa katoni juu ya meza ya kulia, mama akasogeza sahani bila kuuliza.

"Nitaifungua nyuma, Baba."

"Fungua. Ila usiiangushe, ni ya babu yako hiyo."

Fundi alikuwa ameniazima kifaa chake cha kuzungushia vifuniko. Kabla ya kufungua nikapiga picha maandishi ya nje. Nambari ya kwanza ilianza na 7009, hiyo ni aina ya mashine. Chini yake nambari ya mfululizo, na ilianza na 8 kisha 4. Seiko za zamani husomwa hivi: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Basi saa hii ilitengenezwa Aprili, mwaka unaoishia na nane. Mwongo gani hawasemi. Mashine za 7009 zilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya sabini na zikaendelea miaka ya themanini, kwa hiyo inaweza kuwa 1978, inaweza kuwa 1988. Na 1988 Babu alikuwa na miaka saba kaburini.

Sikushtuka bado. Nilijiambia 1978, nikafungua.

Ndani kulikuwa na mikwaruzo minne. Wa juu kabisa, wenye mwandiko mzuri: 7/90. Kisha 11/94, kisha 2/99, wa mwisho 2006. Kabla ya tisini hakuna kitu. Saa inaweza kukaa miaka kumi na miwili bila kufunguliwa na fundi. Watu hufanya hivyo. Nilipiga picha zangu kumi na tano, nikafunga. Lakini macho yalikuwa yameshaanza kunisumbua, na macho ya kazi hii yana tabia mbaya, hayaachi. Yalipanda ukutani kwenye picha ya Babu.

Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Babu amekaa, kanzu na koti, mkono wa kushoto juu ya goti, umegeuzwa kidogo nje. Enzi zile hakuna aliyelipa pesa za studio halafu akaificha saa yake. Nimeipita picha ile tangu nikitambaa. Nikaiteremsha. Nyuma kuna mhuri wa studio na mwaka, 1979. Nikaiweka ndani ya katoni kama saa, nikaipiga, nikaikuza kwenye laptopu.

Kifundo cha kutilia ufunguo kwenye saa ya Baba kiko kwenye nne. Seiko 5 ndivyo zilivyo, kimejificha pale ili kisichokoze mkono, kwa sababu hukihitaji sana. Kwenye picha ya ukutani kifundo kiko kwenye tatu, kimetokeza wazi. Hakuna kidirisha cha siku wala tarehe. Karibu na sita kuna duara dogo, la mshale wa sekunde. Hiyo ni saa ya kutiwa ufunguo kila siku, ya zamani zaidi, na si hii.

Babu hakuwahi kuitazama tarehe ikigeuka magharibi. Saa yake haikuwa na tarehe.

Nilikaa na laptopu hiyo mapajani, nikisikia Baba akimwagilia ndimu zake uani. Ningeweza kufunga, nikarudi Nairobi, nikaandika kwenye fomu yetu, pale penye kisanduku cha historia ya saa, "Ya Babu, 1978." Hakuna ambaye angejua. Hifadhi nzima ipo ili watu wasidanganyane kuhusu saa, na mimi nilikuwa nafikiria kuanza na hii.

Jioni tukiwa barazani nikasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Baba, hii saa ya kwenye picha ya Babu, kifundo chake kiko kwenye tatu."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Macho yako mazuri." Adhana ya magharibi ikaanza, akainuka, akaenda msikitini. Hakuharakisha kurudi. Aliporudi aliivua saa, akaiweka katikati yetu, tarehe ikiwa nusu imegeuka.

Mwaka 1989 Shangazi alikuwa kidato cha nne. Walikuwa wa kwanza kufanya mtihani wa KCSE, ule wa 8-4-4. Hakuna aliyejua utafanana vipi, hakuna karatasi za miaka ya nyuma za kujaribia. Karo ilikuwa imechelewa akarudishwa nyumbani, mara ya pili muhula ule. Baba ndiye aliyekuwa ameachiwa nyumba. Aliivua saa ya babake akaenda nayo mjini akarudi bila. Bei hakunitajia na sikumuuliza. Shangazi aliambiwa kuna mtu bandarini amekopesha.

Nyanya hakuambiwa kitu. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia mtoto wa jicho, na Baba alitegemea hilo. Alipoulizwa saa iko wapi alisema iko kwa fundi. Ikakaa kwa fundi miezi. "Fundi gani huyo," Nyanya akauliza siku moja, "afuga saa?" Mwaka uliofuata binamu yake akarudi kutoka Dubai na Seiko iliyokwisha valiwa, Baba akainunua kwa awamu, akaipeleka kuoshwa. Saba, tisini. Akaiweka kwa Kiswahili, akaivaa, akaingia ndani.

"Sasa nilisahau jambo," Baba alisema. "Ile ya kwanza yatiwa ufunguo. Na aliyekuwa akimtilia Babu yako kila asubuhi ni yeye. Huyu anywa chai, yule atia ufunguo, tangu waowane. Nilipoirithi akawa anitilia mimi."

Asubuhi ile Nyanya akanyoosha mkono. Baba akampa, angefanyaje. Akakitafuta kifundo kwenye tatu, kidole kikateleza. Akakipata kwenye nne. Akakizungusha. Seiko za aina hii hazitiwi ufunguo kwa mkono. Kifundo kinazunguka tu, chepesi, hakishiki kitu. Ni mkono wa mwenyewe ukitembea unaoizungusha. Nyanya alizungusha mara kadhaa. Kisha akaileta sikioni akaisikiliza.

"Akanirudishia. Akasema, 'Siku hizi yajitia yenyewe.' Basi. Hakuitaka tena mpaka alipokufa."

Nilimuuliza kuhusu ile hadithi ya tarehe, Babu akitazama siku ikigeuka.

"Hiyo ni yangu mimi," alisema. "Yule angeipenda. Ningependa aione."

Akaniruhusu kuipeleka picha kwenye hifadhi. "Weka. Habari za shule usiandike, dada yangu yu hai." Asubuhi yake, saa nne na dakika kumi, nilibonyeza kamera bila kugusa mishale. Kwenye saa ya Baba huo ndio wakati ambao mshale mfupi uko kwenye nne na mrefu kwenye mbili, na kidirisha cha siku kiko katikati yao, wazi kabisa. Kwenye kisanduku cha historia niliandika kwamba imetoka Dubai, imenunuliwa mtumba 1990, na imekuwa kwa mtu mmoja tangu hapo.

Wiki moja baadaye mhakiki mmoja, mtu mpole wa Uholanzi, akairudisha. Mishale haijafuata mwongozo, je, saa imekwama? Nikamweleza kwamba hiyo ni saa nne na dakika kumi. Tuliandikiana barua tano. Mwishowe aliielewa vizuri kuliko marafiki zangu wengi wa Nairobi, akaikubali pamoja na maelezo, ila akaomba ya pili yenye mishale ya kawaida, kwa ajili ya kulinganisha. Nikampigia Baba. Akasema hageuzi saa yake kwa sababu ya Mholanzi.

Makala hii ni jambo lingine. Sikuweza kuiandika bila habari za shule. Nilipomwomba Baba ruhusa alisema, "Niulizia mimi? Muulize mwenyewe." Shangazi ni mwalimu, anafundisha hadi leo. Nilimpigia Jumapili mchana, nikaanza vibaya, nikamaliza vibaya zaidi. Upande wa pili nilisikia redio, kisha nikasikia redio imezimwa.

"Saa gani?" akauliza.

Nilidhani anataka kujua wakati. Nikaanza kumtajia.

"Hapana. Hiyo saa. Ilikuwa saa gani? Ya aina gani?"

Nikasema sijui.

"Si una hiyo hifadhi yenu? Itafute."

Basi ndiyo kazi ninayoifanya usiku siku hizi, badala ya za kulipwa. Nina picha ya Babu upande mmoja wa skrini na hifadhi upande wa pili. Natafuta saa ya kutiwa ufunguo, kifundo kwenye tatu, duara la sekunde kwenye sita, alama za vijiti badala ya nambari isipokuwa kwenye kumi na mbili. Nimepunguza hadi tatu, mbili za Uswisi na moja ya Uingereza, kila moja imepigwa picha na mtu nisiyemjua, kwa uangalifu, kila upande. Maumbo yanakaribiana kiasi kwamba jina pekee ndilo lingeamua. Na pale chini ya kumi na mbili, ambapo jina linapaswa kuwa, pana doa jeupe. Ni fleshi ya studio iliyogonga kioo. Mpiga picha wa 1979 hakuweka karatasi nyeusi.